Dawa Majini: Deni la Nani?

Mgonjwa anywapo dawa, mawazo yake hukoma siku ile anapopona. Homa imeshuka, kidonda kimekauka, mtoto amerudi kucheza na wenzake, habari imekwisha. Lakini dawa yenyewe haijamaliza safari yake. Sehemu yake hutoka mwilini pamoja na mkojo, mara nyingi ikiwa bado na nguvu zake, nayo huendelea mbele katika njia ile ile ipitayo maji machafu yote. Juma hili twapenda kuwaomba wasomaji wetu waifuate dawa hiyo mpaka mwisho wa njia, kisha tuulizane: je, mtu aliyepona ana deni lolote kwa ajili ya dawa iliyomtoka? Na kama deni lipo, ni lake peke yake, au ni letu sote?

Wala tusidhani kwamba jambo hili limebuniwa na wataalamu wasio na kazi. Mwaka 1941, huko Oxford, Uingereza, madaktari walikuwa wakimtibu polisi mmoja kwa penisilini, naye ni mmoja wa wagonjwa wa kwanza kabisa kupewa dawa hiyo. Penisilini ilikuwa adimu mno hata wakaukusanya mkojo wa mgonjwa, wakaitoa dawa iliyokuwamo, wakampa tena. Alipata nafuu kubwa. Kisha dawa ikaisha, maradhi yakarudi, naye akafa. Kisa hiki chatufundisha mambo mawili. La kwanza, dawa hizi ziitwazo antibiotiki ni hazina ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. La pili, hutoka mwilini zikiwa hai. Amoksilini tunayowapa watoto wetu kila siku, zaidi ya nusu yake hutoka hivyo.

Sasa na tuitazame nchi yetu ya Kigoma na Ujiji. Nyumba nyingi zina vyoo vya shimo. Masika yakija, mvua huosha miteremko, vijito hujaa, Mto Luiche hushuka na tope lake jekundu, na vyote huishia ziwani. Katika ziwa hilo hilo watu huoga, hufua, huosha vyombo na kuvua dagaa na migebuka. Na kutoka humo humo huvutwa maji ya mabomba ya mji. Mtu wa pwani yetu hutupa kwa mkono mmoja na kuchota kwa mkono wa pili, na kati ya mikono hiyo miwili pengine hapana hata mwendo wa saa moja.

Wengi husema, “Ziwa ni kubwa, dawa ya mgonjwa mmoja itapotea humo.” Ni kweli kwamba ziwa ni kubwa. Urefu wake ni kilometa zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Hakuna ziwa duniani lililo refu kwenda chini kulipita isipokuwa Baikal la Urusi. Sehemu moja katika sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa nchi, ukiacha barafu, imo ndani yake. Lakini ukubwa huo wadanganya. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Lukuga upande wa Kongo. Maji mengi zaidi huliacha ziwa kwa kugeuka mvuke na kwenda juu. Mvuke hupaa, na vilivyomo majini hubaki. Tone liingialo leo laweza kukaa humo kwa mamia ya miaka. Jua huvunja baadhi ya dawa, nyingine huchakaa zenyewe upesi, lakini nyingine hudumu. Zaidi ya hayo, dawa hailingoji ziwa zima ili ifanye madhara. Hukutana na vijidudu mapema, katika shimo la choo, katika mfereji wa hospitali, katika kijito, na katika maji ya kina kifupi wanamoogelea watoto.

Madhara yenyewe ni yapi? Dawa kidogo namna hiyo haimwui mtu kama sumu. Kazi yake ni nyingine, nayo ni ya taratibu: huwafundisha vijidudu. Dawa ikiwa nyingi, huwaua. Ikiwa kidogo, huwaua wale dhaifu na kuwaachia wenye nguvu uwanja wote, nao huzaana na kurithishana ujuzi wao. Hivyo ndivyo uzaliwavyo usugu wa dawa. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, aliuonya ulimwengu mwezi wa Desemba 1945 alipopewa tuzo ya Nobel. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayejinunulia dawa, akanywa kidogo isiyotosha, akawafundisha vijidudu vyake ukaidi, kisha akamwambukiza mkewe. Mke akashikwa na homa ya mapafu, akatibiwa kwa dawa ile ile, isimfae kitu, akafa. Ni nani aliyemwua mwanamke yule? Fleming mwenyewe alijibu kwamba ni mume, kwa kuitumia dawa kwa uzembe, lakini sisi bado tunaulizana.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Kipindupindu kilipoingia tena Tanzania mwezi wa Oktoba 1977, tetrasaiklini ilitolewa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa watu wazima wa afya ili wasiugue. Mwanzoni vijidudu vyote vilivyopimwa vilishindwa na dawa hiyo. Baada ya miezi mitano tu, 76 katika kila 100 vilikuwa haviisikii tena, kama walivyoeleza madaktari wetu katika taarifa yao ya mwaka 1979. Waliofanya hivyo hawakuwa waovu. Walitaka kuokoa watu. Nia njema ilizaa usugu kwa muda mfupi kuliko mimba inavyokaa tumboni.

Na karibu yetu zaidi, katika Hifadhi ya Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, watafiti wamepima vinyesi vya watu, mifugo, nyani na sokwe. Alama za usugu dhidi ya dawa za salfa zimeonekana kwa wote, hata kwa wanyama wa mwituni. Sokwe hana duka la dawa. Yaelekea alichopata amekipata kutoka kwetu, kwa njia ya nchi na maji tunayoshirikiana naye. Kama sokwe ameshirikishwa, mtoto wa jirani amekwisha kushirikishwa zamani.

Ulimwengu mzima umo katika hali hiyo. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mito 258 katika nchi 104, wakiona kwamba katika robo moja ya mahali walipopima, dawa za binadamu zilizidi kiasi cha usalama. Na hesabu ya mwaka 2019 yaonyesha kwamba watu wapatao 1,270,000 walikufa mwaka ule mmoja kwa sababu vijidudu vyao vilikuwa sugu. Afrika yetu ilibeba sehemu nzito ya msiba huo.

Basi, je, hapana dawa ya dawa? Ipo, nayo yastahili kuelezwa kwa haki. Wanakemia wa nchi nyingi wanatengeneza nyuzi zinazonasa antibiotiki majini. Nyuzi hizo si kitu kigeni kwetu. Hufanywa kwa pamba, kwa makumbi ya nazi, hata kwa mkonge, ule mkonge uliowatoa babu zetu Waha katika vijiji vya Buha na kuwapeleka kuwa manamba huko Tanga. Uzi wa mmea una selulosi, na juu ya ngozi yake kuna mahali pengi pa kushikia vitu. Fundi huupika kwa soda kali ili kuutakasa, kisha huupandikizia vishikio vipya: vingine vyenye chaji chanya ya umeme, vingine vyenye chaji hasi, vingine vya madini ya chuma. Au huuchoma pasipo hewa ukawa mkaa wenye vitundu visivyohesabika. Dawa ipitapo huvutwa na kuganda juu ya uzi. Uzi hauinywi kama sifongo inywavyo maji. Huishika tu, kama ulimbo ushikavyo ndege. Na faida ya uzi kuliko unga wa mkaa ni hii, kwamba waweza kufumwa ukawa kitambaa au jamvi, maji yakapita upesi, kisha ukaopolewa wote kwa mara moja.

Lakini kila ulimbo una ndege wake. Maji ya Tanganyika yana magadi; kipimo chake cha pH kipo karibu na 9. Katika maji ya namna hiyo ile salfa iliyomo katika vidonge ambavyo wengi huviita Septrin huwa na chaji hasi, kwa hiyo uzi wenye chaji hasi utaifukuza badala ya kuishika. Yafaa uzi wenye chaji chanya. Nao utashindaniwa na chumvi za magadi zilizo nyingi kuliko dawa kwa mara maelfu. Tetrasaiklini nayo hushikamana na magnesiamu na kalisi iliyomo majini, ikabadili tabia. Kwa hiyo uzi uliofaulu katika chupa ya maji safi huko ng'ambo hauna budi kujaribiwa upya kwa maji yetu, na kwa maji machafu yetu, kabla mtu hajatuuzia.

Tena kuna neno ambalo wauzaji hawapendi kulisema kwa sauti. Uzi hushiba. Siku ukishiba, dawa yote imo ndani ya jamvi lile, imekusanyika kuliko ilivyokuwa majini. Ukilitupa jaani, mvua itairudisha. Ukiliosha ili litumike tena, maji ya kuoshea yamekuwa ndiyo maji machafu. Lisipochomwa kwa moto mkali katika tanuru lifaalo, tumeihamisha taabu tu. Wala uzi hauwaui vijidudu waliokwisha kuwa sugu. Kazi hiyo ni ya klorini, ya kuchemsha maji, na ya choo kilichojengwa vizuri.

Hapa ndipo tunapofika penye shauri lenyewe, maana hili si jambo la kemia peke yake. Kikipatikana chujio jema, je, tumefunguliwa wajibu wetu? Je, twaweza kuendelea kumwaga kwa kuwa kuna wa kuchuja?

Sisi twaona kwamba maneno mawili hayana budi kutenganishwa, nayo ni hatia na deni. Mama ampaye mtoto wake mwenye homa ya mapafu dawa aliyoandikiwa, akaimaliza kama alivyoagizwa, hana hatia hata chembe. Mtu aishiye na virusi vya UKIMWI, aliyeagizwa na daktari kunywa Septrin kila siku ili asishikwe na maradhi mengine, hana hatia. Hata hivyo mabaki ya dawa zao huingia majini, na lazima mtu ashughulike nayo. Hilo ndilo deni lisilo na hatia. Kwa upande wa pili yuko muuza duka auzaye antibiotiki kama peremende kwa kila mwenye kikohozi. Yuko mfugaji awapaye kuku wazima dawa ili wanenepe upesi, akawauza kesho yake. Yuko amwagaye shehena ya dawa zilizopitwa na wakati katika mfereji usiku. Hawa wana deni na wana hatia pia. Uzi waweza kulipa deni. Hatia haichujwi kwa uzi wo wote. Huondoka tu mtu akiacha.

Mtu atauliza: deni lile lisilo na hatia ni la nani? Mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika, uliotiwa sahihi na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia mwaka 2003, umeweka miongoni mwa misingi yake kwamba mwenye kuchafua ndiye alipaye. Msingi huo ni wa haki ukimhusu mwenye kiwanda anayepata faida. Lakini ukimtumia mgonjwa maskini hugeuka kuwa ukatili, maana utakuwa umemtoza kodi kwa sababu ameugua. Basi na tutazame ni nani apataye faida mgonjwa anapopona. Ni yeye, kweli. Lakini ni jirani zake pia. Mgonjwa wa kipindupindu akipona, kijiji kizima kimeponea naye. Miaka mingine ya maradhi hayo hatuhitaji kuitaja, kwa maana watu wa pwani hii wanaikumbuka Kagunga ya Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana ufukoni kwa maelfu, watu wapatao 3,000 wakaugua na 31 wakafa. Siku zile hakuna aliyesema kwamba ugonjwa wa mwenzake haumhusu. Ikiwa faida ya kupona ni yetu sote, na gharama ya mabaki ni yetu sote. Huwezi kugawana nyama ya mbuzi ukamwachia mwenzako mmoja kazi ya kuzoa kinyesi.

Kutoka hapo twapata jibu la swali jingine, nalo ni mahali pa kuliweka chujio. Watu wengi wakisikia habari za chujio hufikiri bomba la nyumbani kwao. Mwenye fedha atanunua, atafunga jikoni, atakunywa maji safi, na moyo wake utatulia. Lakini amejisafishia kikombe tu. Mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, mtoto aogaye Katonga, na mvuvi wa Kalemie ng'ambo ya pili hawakupata kitu. Chujio hilo hilo likiwekwa kwenye mfereji utokao hospitalini, kabla maji hayajaingia kijitoni, humlinda hata mtu ambaye hatamjua kamwe aliyelilipia. Na akili inakubaliana na dhamiri katika jambo hili, kwa kuwa katika mfereji wa hospitali dawa ni nyingi katika maji machache, na uzi hufanya kazi vizuri zaidi huko kuliko katika ziwa pana ambamo dawa imetawanyika. Kinga mlangoni ni rahisi kuliko msako porini.

Sasa tuliseme lile lililo gumu kuliko yote. Wako wasomaji watakaosema kwamba, kwa kuwa dawa zaleta usugu, watu wapunguziwe dawa. Maneno hayo ni matamu midomoni mwa mtu mwenye daktari wake. Katika vijiji vyetu wako watoto wanaokufa kwa homa ya mapafu kwa sababu amoksilini haikufika, au ilifika baada ya mazishi. Kuwanyima hao dawa ili kuliponya ziwa ni kuwatoza maskini gharama ya makosa ya wengine. Na yule mama aendaye dukani na fedha za vidonge vinne tu, ilhali dozi ni vidonge kumi na vitano, tumhukumuje? Amefanya lile lile aliloonya Fleming, amewafundisha vijidudu. Lakini alichagua kati ya dawa nusu na njaa nzima. Sisi twasema hatia ya dozi ile iliyokatwa ni ndogo kwake, na ni kubwa kwa wale wenye uwezo wa kuhakikisha kwamba hakuna mgonjwa anayekata dozi kwa kukosa shilingi, nao wasifanye hivyo. Mtu asiyekuwa na hiari hawezi kubebeshwa hatia ya mwenye hiari.

Kwa hiyo twaona utaratibu wa kazi ukijipanga wenyewe. Kwanza, vyoo na maji safi, kwa kuwa mtu asiyeugua haihitaji dawa, na kidonge kisichonywewa hakifiki ziwani. Pili, dozi kamili kwa kila anayeihitaji, na kukatazwa kwa kila asiyeihitaji, awe mtu au kuku. Tatu, maji machafu ya hospitali yasafishwe kabla ya kuachiliwa. Hapo ndipo nyuzi zifaapo, pamoja na tanuru la kuchomea zile zilizoshiba, na mtu wa kulisimamia ambaye mshahara wake haukawii. Mwenye kuanza na uzi na kuacha choo amevaa kofia bila nguo.

Tena twapenda vijana wetu wanaosoma sayansi walichukue jambo hili kuwa lao. Mkonge upo nchini, nazi zipo pwani, na michikichi ya Kigoma huacha makapi mengi baada ya mawese kukamuliwa. Nani atapima kwa subira ni uzi gani ushikao dawa gani katika maji ya magadi ya ziwa letu, kama si mtoto wa ziwa hili? Kazi hiyo haina kelele wala sifa za haraka, lakini faida yake itawafikia watu wa nchi nne.

Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga walilisema hilo kwa kusifu akiba, nasi twalisema leo kwa kuonya. Hakuna mtu mmoja aliyeharibu maji yetu, na ndiyo sababu kila mmoja hujiona msafi. Lakini kibaba hujazwa na punje, na kila punje ilitoka katika mkono wa mtu. Maliza dawa uliyopewa na daktari. Usimwombe muuza duka akupe asiyoagizwa. Iliyobaki usiimwage chooni. Irudishe kwa wanaojua namna ya kuiharibu. Na unapokutana na viongozi wako, waulize maji ya hospitali yanakwenda wapi. Ni swali la heshima, nao wana wajibu wa kulijibu. Watakaokuja kuchota baada yetu hawatauliza ni nani aliyeugua katika siku zetu. Watayapima maji tuliyowaachia.